Kijipaa na Simba: safari ya kilio kutoka ngano hadi katuni

Mjukuu wangu ana umri wa miaka saba. Jioni moja hapa Konde alikuwa ameketi mbele ya televisheni akitazama filamu ya katuni ya Kimarekani iitwayo The Lion King, iliyotoka mwaka 1994, kabla hata mamaake hajaanza skuli. Filamu inazungumza Kiingereza, na Kiingereza cha mjukuu wangu bado ni kile cha kutaja rangi na siku za wiki. Alitazama kitambo, kisha akanigeukia: "Babu, mbona huyu mdogo peke yake ndiye wanayemwita simba? Si wote simba?"

Nilimwambia kwamba Simba hapo ni jina, kama yeye alivyo na jina lake. Hakuridhika. Kwake ilikuwa sawa na mtu kuzaa mtoto akamwita Binaadamu. Herufi kubwa, ambayo ndiyo pekee inayolitenga jina na neno, haisikiki masikioni. Tukaendelea kutazama mpaka pale kwenye korongo, nyumbu wanapoporomoka kwa wingi usiohesabika, na baba wa yule mdogo anapoangushwa kwa mkono wa nduguye mwenyewe. Vumbi linapotulia, mtoto anamkuta babaake amelala. Anamsukuma kwa kichwa, anamvuta sikio, kisha anajipenyeza chini ya mkono wake uliokwisha kulegea na kujilaza hapo. Mjukuu wangu hakuuliza kitu. Alinisogelea akaniegemea, nami nikahisi mabega yake yanatikisika.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba kumliza mtoto kwa kifo cha mnyama ni ufundi wa studio za Marekani, na kwamba ngano zetu zilikuwa za kuchekesha na kuonya tu: sungura mjanja, fisi mlafi, basi. Sikubaliani na usemi huo. Kilio hicho kilikuwamo katika masimulizi ya Kiswahili, kikaandikwa, kikachapishwa, kikasafiri hadi London na Chicago kabla filamu za katuni hazijaenea popote. Miaka mingi baadaye maneno ya Kiswahili yalirudi kwetu ndani ya filamu, lakini yalirudi yakiwa majina. Kilio chenyewe kilirudi kwa lugha ya watu wengine.

Nianze na majina, maana ndiyo yanayowashughulisha zaidi wapenzi wa lugha. Waliotunga filamu ile walichota katika Kiswahili bila ya hesabu. Nyani mwenye hekima anaitwa Rafiki. Ngiri anaitwa Pumbaa, kitenzi kizima kilichogeuzwa jina la mtu. Anayekijua Kiswahili husikia kama amri, mnyama anaambiwa apumbae. Filamu iliyofuata, ya mwaka 1998, ilikuwa na simba kijana aitwaye Kovu, dada yake akaitwa Vitani, na kaka yao akaitwa Nuka. Sina hakika kama aliyempa mtu jina la Nuka alikuwa akicheka au alilichagua kwa sauti yake tu. Vitani ndilo linalonistaajabisha zaidi, kwani ni nomino iliyokwisha kuvishwa kiambishi cha mahali. Ni kama kumwita mtu Sokoni.

Lipo jina moja ambalo halichekeshi. Fisi jike, kiongozi wa fisi watatu, anaitwa Shenzi. Sisi wa mwambao tunalijua neno hili lilikotoka na lilikopita. Wazee wa miji ya pwani waliwaita washenzi watu wa bara waliokuwa wakiletwa kwa misafara, na neno likawa ukuta kati ya anayejiita mstaarabu na asiyehesabiwa. Mkoloni alipokuja alilichukua neno lile lile, akalipanua, akatuita sote. Mzee wa rika langu akilisikia linatajwa kwenye filamu ya watoto hushituka kidogo, kisha hunyamaza, kwa sababu hajui aanzie wapi kumweleza mtoto. Kwa watoto wa Ohio au Lyon ni sauti tu, na tena sauti nzuri. Kwetu ni faili zima la historia.

Na maneno mawili yaliyovuma kuliko yote, hakuna matata, yalikuwa yamekwisha kuvuma kabla ya filamu. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliyaimba katika wimbo wake wa kuwakaribisha watalii mwaka 1982. Hapa Pemba mtu humwambia mwenzake "hapana tabu" au "haina neno". Matata kwetu ni mambo yaliyotatana, kama uzi au kama kesi ya shamba. Kampuni ya Disney iliomba mwaka huo huo wa 1994 kuyasajili maneno hayo Marekani kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo, ikakubaliwa mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi wa Afrika Mashariki walilalamika walipolijua jambo hilo. Nilielewa hasira zao, ingawa kwa upande wangu biashara ya fulana ilinisumbua kidogo kuliko lile korongo. Fulana zinachakaa. Yule mtoto mwenye jina la Kiswahili anamlilia babaake kwa Kiingereza, na kizazi baada ya kizazi cha watoto wetu kinajifunza kwake namna ya kulia.

Sasa turudi nyuma. Edward Steere, mmishenari wa Kianglikana aliyefika Unguja katika miaka ya 1860 na baadaye akawa askofu, alikaa na wenyeji wakamhadithia ngano, naye akaziandika kwa maneno yao. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Ndani yake mna kisa kinachojulikana kwa jina la Sultani Darai. Nitakisimulia kwa maneno yangu, nikifupisha mwanzo na kukaa mwisho, maana mwisho ndio ninaoutaka.

Palikuwa na maskini aliyefuja mali yake yote, akawa anaparura jaani kama kuku, akitafuta chembe za mtama ale. Siku moja akaokota thumni. Akapita mtu anayeuza paa kwenye tundu, naye badala ya kununua chakula akanunua paa mmoja. Watu walimcheka: yeye hana cha kula, huyo paa atamlisha nini? Lakini paa alikuwa na kauli ya binaadamu. Akaomba ruhusa ya kwenda kujilisha, akaokota almasi porini, akaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali, akasema ametumwa na bwana wake, Sultani Darai, kuja kuposa. Kwa uongo wake na ujasiri wake akampatia maskini yule mke, binti wa sultani. Akamuua nyoka wa vichwa saba, akaitwaa nyumba ya nyoka iliyojaa mali, pamoja na kizee aliyekuwa akiitumikia, akamtia bwana wake humo. Mpaka hapa anayezijua ngano za dunia atasema huyu ni ndugu wa yule paka wa Wafaransa aliyevaa viatu, na atakuwa hakukosea.

Kisha paa anaugua. Hapa ndipo ngano ya Unguja inapoachana na ile ya Ufaransa, ambamo paka huishia kuwa bwana mkubwa. Paa anamtuma kizee amwambie bwana kwamba mwili unamuuma na homa imemshika. Kizee anapanda juu, anawakuta bwana na bibi wamekaa kwenye kitanda cha fahari wanatafuna tambuu. Bwana anasema: mfanyie uji wa mtama mwekundu. Bibi anashangaa, maana huo ni mtama ambao hata farasi wa nyumba ile hapewi. Bwana hajali, mchele una wenyewe, na yule ni paa wa thumni tu. Kizee anashuka, anashindwa kusema, machozi yanamtangulia. Paa anamwambia arudi, pengine bwana hakusikia vizuri. Anapanda tena. Jibu ni lile lile. Anashuka tena.

Wenye kutunga watanielewa nikisema kwamba ufundi wote uko kwenye ngazi zile. Msimulizi haelezi huzuni. Hataji moyo wa paa wala hasemi kwamba bwana ni mtovu wa fadhila. Anampandisha kizee na kumshusha, anampandisha na kumshusha, na maneno anayopeleka ni yale yale kila mara, kama kiitikio. Msikilizaji analijua jibu kabla kizee hajafika juu, na bado anatumaini. Bibi kwa siri anampelekea mgonjwa maziwa na wali, lakini mgonjwa hakuwa na njaa ya wali. Anamgeuzia ukuta uso wake, anakufa. Watu wa nyumba wanalia, na bwana anawauliza mbona wanalia kama kwamba aliyekufa ni yeye. Anaamuru mzoga utupwe kisimani.

Bibi anampelekea baba yake barua. Sultani anakuja na mawaziri wake na watu wake wote; wanaingia kisimani, wanamtoa paa, wanamzika maziko ya heshima. Usiku bibi anaota yuko kwao, na akiamka yuko kwao. Bwana anaota yuko jaani anaparura chembe za mtama. Anaamka: yuko jaani, mikono imejaa vumbi.

Nimewahi kukisoma kisa hiki mbele ya wanafunzi wakubwa, wavulana wa kidato cha tatu wenye ndevu zinazoanza, na kwenye kile kisima darasa lilinyamaza kabisa. Miaka sabini na miwili kabla mama wa Bambi hajauawa na wawindaji katika filamu ya mwaka 1942, mtu wa Unguja ambaye hakuwahi kuona sinema alikuwa anajua namna ya kulinyamazisha darasa la Konde.

Tofauti ya vifo viwili hivyo inafaa kuangaliwa. Mama wa Bambi hafi mbele yetu. Tunasikia mlio wa bunduki, theluji inaanguka, mtoto anaita, haitikiwi. Watengenezaji walikificha kifo kwa kumhurumia mtazamaji mdogo, na kwa kukificha walikizidisha. Ngano ya paa haifichi kitu, na mzoga tunauona ukitupwa. Ukatili wa bwana umewekwa wazi kwa sababu mtoto aliyekuwa akisikiliza alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, mkono wa mtu ukiwa juu ya kichwa chake wakati wote. Filamu haina mkono huo. Labda ndiyo maana inalazimika kuficha.

Kisa hakikubaki Unguja. Mwaka 1901 Andrew Lang alikitia kwa Kiingereza katika mkusanyiko wake wa ngano wenye jalada la zambarau, na watoto wa Uingereza wakamlilia paa wetu. Mwaka huo huo George Bateman alichapisha mjini Chicago kitabu cha ngano za Zanzibar ambamo kisa hiki kimo, maskini akiitwa Hamdani na paa akiitwa Kijipaa. Aliliandika jina hilo kwa tahajia ya Kiingereza, Keejeepaa, ili mtoto wa Kimarekani aweze kulitamka. Desemba ya mwaka huo wa 1901, katika mji huo huo wa Chicago, alizaliwa Walt Disney. Hii ni sadfa, na sina ushahidi wa kuifanya zaidi ya sadfa; lakini nani angeweza kuiona asiitaje?

Tazameni lililotokea kwa neno kijipaa. Kwa Kiswahili ni nomino ya kawaida iliyodunishwa, na kudunisha kwetu kuna nyuso mbili. Kijitoto ni mtoto wa kuhurumiwa. Kijitu ni mtu wa kudharauliwa. Mtu akisema kijipaa, tunasubiri sauti yake tujue ni upi kati ya hizo mbili, na ndani ya kisa kile paa ni zote mbili: kizee na bibi wanamhurumia, bwana anamdharau, na neno moja lingewatosha wote. Neno hilo lilipovuka bahari likapewa herufi kubwa, uso wake ukawa mmoja. Likawa jina zuri la mnyama mzuri. Miaka tisini na mitatu baadaye ndivyo lilivyofanywa neno simba, na mjukuu wangu akaniuliza swali ambalo Kijipaa angeweza kuulizwa tangu mwaka 1901.

Nitaje na jambo la mahali, kwani lina uzito wake. Pemba haina simba. Haikuwahi hata kuwa na chui kama Unguja. Simba tunaye katika methali, katika majigambo ya washairi na katika sifa za mashujaa. Yaani ni mnyama wa maneno. Paa tunaye. Msitu wa Ngezi uko mwendo mfupi kutoka hapa Konde, na ndani yake wamo paa wadogo ambao wataalamu wa wanyama wamewapa jina lenye Pemba ndani yake. Mtoto wa Konde anaweza kumwona paa akivuka njia alfajiri, miguu kama vijiti, masikio yamesimama. Kati ya wanyama wawili hawa, anayemlilia kwa machozi ni yule asiyemwona kamwe.

Sitaki kuonekana kama ninailaumu filamu kwa kuliza. Wazee wetu walilia kwenye sinema kwa lugha wasiyoijua, wakatoka macho mekundu na nyoyo nyepesi. Filamu za Kihindi kama Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 ziliwaliza watu wa mwambao mzima, na wapo mpaka leo wanaoimba nyimbo zake bila kujua neno moja linasema nini. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, ilhali Bara walisubiri mpaka mwaka 1994. Lakini televisheni inataka umeme, na huku kaskazini mwa Pemba umeme wa kuaminika ulikuja mwaka 2010, waya ulipolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo ilikuwa jenereta na mafuta ya kuchangishana, kanda zilizoletwa na jamaa kutoka Muskati au Dubai, na chumba kimoja kilichojaa watu mpaka madirishani.

Katika vyumba kama hivyo, hasa huko Bara, palizuka sanaa ambayo watu wa fasihi hatujaitendea haki. Ni ya wafasiri wa filamu, waliokamata kipaza sauti na kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti yake mwenyewe, baadaye wakazirekodi na kuziuza. Lufufu ndiye aliyevuma zaidi. Wafasiri hawa hawakuwa wakalimani. Waliongeza mizaha, waliwapa wahusika majina ya mitaani, walimwonya shujaa asiingie mlango ule, walitoa mawaidha. Kwa maneno mengine walikuwa wasimulizi wa ngano waliopata kazi mpya, na mkono juu ya kichwa cha msikilizaji ukarudi kwa njia ya sauti. Kazi yao kubwa ilikuwa filamu za ngumi, za Kihindi na za Kinigeria. Katuni waliziacha, labda kwa kuona ni mambo ya watoto, na hasara ni yetu.

Disney wenyewe walipotaka wanyama wao waseme lugha ya kusini mwa Sahara katika miaka ile ya 1990, walichagua Kizulu. Siwaonei kijicho Wazulu. Maneno yanayofungua filamu ni ya kwao, na mtungaji wa sauti zile, Lebo M, ni mtu wa Soweto. Lakini hebu fikirini: majina ya Kiswahili, Waafrika wa kusini ndio wanaolia, na Waarabu wakafanyiwa toleo lao kwa Kiarabu cha Misri, ambalo hata jamaa zetu wa Omani walilitazama. Sisi wenye jina la yatima hatukualikwa matangani.

Juhudi za kwetu zipo. Tangu mwaka 2014 Ubongo Kids ya Dar es Salaam inawafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili safi, na ninaishukuru, maana mjukuu wangu amejifunza mengi humo. Kabla yake, mwaka 2010, Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Zote mbili ni kazi za furaha. Mwaka 2023 ukaja mkusanyo wa filamu fupi kumi za Kiafrika ulioitwa Kizazi Moto, na miongoni mwake Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya, inayohusu mama na binti, ndiyo iliyonigusa. Jina la mkusanyo ni letu tena. Hatujapata bado, kwa Kiswahili, katuni moja inayothubutu kumpandisha kizee ngazi mara ya pili.

Nikajiuliza: kama ningepewa lile korongo nilitie Kiswahili, ningefanyaje? Nilitumia siku nyingi juu ya maneno machache. Mtoto anamtaka babaake asimame, waende zao nyumbani. Je, aseme amka, inuka au zindukana? Anayesema amka anaamini babaake amelala. Anayesema inuka amekwisha kuona kwamba ameanguka. Zindukana ni ya mtu mzima anayejua kuzimia ni nini. Ningeanza na amka, na mara ya pili ningemtia inuka, ili mtazamaji asikie ujuzi wa mauti ukimwingia mtoto kati ya kitenzi na kitenzi. Kisha kurudi nyumbani. Kiswahili kinanipa neno ambalo Kiingereza hakina: twende kwetu. Ndani ya kwetu mna sisi, na ndani ya twende mna sisi tena, na wakati mtoto anatamka viambishi hivyo viwili sisi hakuna, amebaki mimi. Sarufi yenyewe inafanya msiba. Sijui mshairi gani angehitaji kuongeza sifa au tashbihi juu ya hapo.

Rafiki yangu mmoja, mtunzi mzuri wa mashairi ya arudhi, alinipinga. Alisema mahali pale panataka mbolezi, beti mbili tatu za kuimbwa, kwani Pemba iliyowazaa Kamange na Sarahani haiwezi kumzika mtu kwa vitenzi viwili. Tulibishana mpaka adhana ya isha. Hoja yake ina nguvu: katika ngano zetu wimbo ndio unaobeba machozi, na msikilizaji anayeitikia hulia bila kuona haya kwa sababu sote tunaimba. Lakini mtoto yule yuko peke yake korongoni. Hana wa kumwitikia. Hali yake ni ile tunayoiita ukiwa, ambayo ni zaidi ya upweke na zaidi ya huzuni, ni hali ya nyumba iliyohamwa. Nadhani ukiwa hauimbiki mpaka watu wafike. Mbolezi ije baadaye, kama Sultani alivyofika na watu wake kisimani.

Na pale anapojipenyeza chini ya mkono wa babaake nisingetia neno lolote. Hapo Lufufu na mimi tungegombana. Filamu ya mwaka 2009 iitwayo Up ina dakika chache mwanzoni ambamo mume na mke wanaishi maisha yao yote, wanakosa mtoto, wanazeeka, na mke anafariki, pasipo kusemwa neno. Niliitazama na watu watatu wa umri wangu, hakuna aliyehitaji kufasiriwa, na mmoja alikwenda nje kwa kisingizio cha kuangalia mbuzi. Kwa upande mwingine, ile The Lion King iliyotengenezwa upya mwaka 2019, wanyama wakiwa kama wanyama kweli, haikumliza mjukuu wangu. Nyuso za simba wa kweli hazikunjiki. Kalamu ya mchoraji wa 1994 ilikuwa imewapa nyusi.

Siku chache baada ya jioni ile umeme ulikatika, nasi tukalala barazani kwa joto. Nikampa paukwa, akanipa pakawa, nikamsimulia kisa cha paa. Alicheka kwenye uongo wa kuposa, akanishika mkono kwenye nyoka wa vichwa saba. Nilipofika kwenye ngazi alikaa kitako. Kizee akapanda, akashuka, akapanda, akashuka. Nilipolitaja jina la kisima alinifunika mdomo kwa kiganja chake.

"Rudia pale kizee anapopanda," aliniambia. "Safari hii bwana aseme ndiyo."

Nikamwambia ngano haiko hivyo, ndivyo ilivyosimuliwa tangu zamani.

"Kwani si wewe unayesimulia?"